Siku tano pwani ya Georgia, kulifata koloni lililokataza utumwa

Siku ya kwanza, Jumatano

Tumetoka Atlanta saa mbili asubuhi mie na mdogo wangu, gari yake mafuta yangu, na chupa ya chai ya tangawizi ambayo ilikwisha hata Macon hatujafika. Mpaka Savannah ni kama kilomita 400, saa nne hivi ukiendesha moja kwa moja, sie tulitumia sita maana kila penye kibao cha kahawia cha mambo ya kale mie nataka tusimame.

Niseme kwanza kwanini nimeifunga safari hii. Nakaa Georgia mwaka wa tisa sasa, nafanya kazi, nalipa kodi, wanangu wanasoma hapa, na siku zote nilijua historia ya hapa ni pamba na watumwa basi. Mwaka jana ndo nikaja kusoma kwamba hili koloni lilipoanza, 1733, lilikuwa peke yake kati ya makoloni ya Waingereza huku Marekani lililokataa watu weusi wasitumikishwe, na mwaka 1735 likaweka sheria kabisa. Nilirudia kusoma nikidhani nimekosea. Miaka kumi na tano baadae sheria imefutwa. Sasa mie nikawa sina raha, nataka kujua ilikuwaje, nani alikubali nani alikataa, na nilitaka nione hiyo ardhi yenyewe kwa macho.

Njiani nikamsimulia mdogo wangu chanzo chake. Uingereza ya wakati ule mtu akidaiwa akashindwa kulipa anatiwa jela, na ndani ya jela analipia chakula na malazi, asipolipa anatupwa sehemu mbaya zaidi. Kulikuwa na mchoraji wa majengo anaitwa Robert Castell, alishindwa kumlipa bosi wa jela ya Fleet, London, akawekwa chumba chenye wagonjwa wa ndui, akafa 1728. Rafiki yake alikuwa mbunge, James Oglethorpe, ikamuuma, akaongoza kamati ya bunge kuchunguza majela, na humo ndo likazaliwa wazo la kuwatafutia maskini pa kuanzia maisha upya. Mfalme George wa Pili akatoa hati 1732, koloni likapewa jina lake, likakabidhiwa kwa baraza la wadhamini 21 ambao walikatazwa kumiliki ardhi huku wala kulipwa mshahara.

"Kwaio waliokuja ni wafungwa?" akauliza. Watu wengi wanaamini hivo lakini sivo, wale wa jela karibu hakuna alokuja, wadhamini waliwahoji watu mmoja mmoja wakachagua mafundi maskini, maseremala, washona nguo, watu wa London ambao jembe hawajawahi kulishika. Hilo nalo lina mwisho wake, nitalifikia.

Tumeingia Savannah alasiri maji yamekupwa. Nilipofungua kioo tu nikasema, hii harufu naijua. Matope ya bahari yalopigwa jua, ile ile ya nyumbani kwenye mikoko, ila huku mikoko hakuna ni majani marefu tu ya kinamasi mpaka macho yanapoishia.

Siku ya pili, Alhamisi

Siku ya kutembea kwa miguu, na nashauri ukija Savannah gari uiache, mji wenyewe umepangwa kwa ajili ya miguu.

Tulianzia juu ya mto. Ile ng'ambo ya kusini imeinuka ghafla kama mita 12 juu ya maji na ndo sababu Oglethorpe alipachagua, Februari 1733, akiwa na watu kama 114 walosafiri na meli inaitwa Anne. Lakini hapakuwa patupu. Palikuwa na kijiji cha Wayamacraw, watu wa jamii ya Creek, mzee wao Tomochichi, na palikuwa na duka la mama mmoja, Mary Musgrove, mama yake Mcreek baba yake mfanyabiashara Muingereza, anaongea lugha zote mbili. Bila hao wawili hakuna Savannah. Mary ndo alikuwa mkalimani, ndo alokuwa anawalisha wageni, na kazi hiyo aliifanya miaka bila kulipwa anavostahili, alidai mpaka 1760 ndo akapewa kisiwa cha St. Catherines na pauni 2,100. Tomochichi alipelekwa London 1734 na mkewe Senauki akaonana na mfalme. Akafa 1739, akazikwa katikati ya mji kwa heshima kubwa, Oglethorpe mwenyewe mmoja wa walobeba jeneza.

Tulikwenda kulitafuta kaburi. Lipo Wright Square, yaani lilikuwepo, maana katikati ya uwanja sasa umesimama mnara mkubwa wa tajiri wa reli, umejengwa 1883 palepale. Ya Tomochichi ni jiwe moja kubwa la matale pembeni, liliwekwa 1899, watu wanakaa hapo wanakula sandwichi. Nilisimama pale muda mrefu. Mtu amekupa ardhi ukamzika kwa heshima, alafu wajukuu zako wanamjengea mwengine juu yake.

Mpango wa mji lakini lazima niusifu, ni kitu kizuri khasa. Oglethorpe aligawa mji kwa mitaa, kila mtaa una uwanja wa wazi katikati, pembeni ploti 40 za watu na ploti 4 kubwa za majengo ya umma, kanisa, duka na kadhalika, na kila ploti ya mtu ilikuwa futi 60 kwa 90, sawasawa, huna cha kumzidi jirani. Mji ukikua unaongeza mtaa mwengine na uwanja wake, ndo maana leo viwanja viko 22 na kivuli kila unapokwenda. Ukiwa na ploti yako mjini unapewa na bustani ya ekari 5 nje ya mji na shamba la ekari karibu 45, jumla 50, basi. Alojilipia nauli mwenyewe aliweza kupata mpaka 500 lakini hapiti hapo. Huruhusiwi kuuza, huruhusiwi kukopea, na ukifa anarithi mtoto wa kiume tu. Ukiwa una mabinti watupu ardhi inarudi kwa wadhamini. Hapo mdogo wangu akaguna, akasema hiyo sasa sio zawadi hiyo ni kuazimwa, na ndivo wakaazi wenyewe walivoanza kulalamika. Shamba hulichagui, ukiangukia kinamasi ndo chako, ukiangukia mchanga wa misonobari ndo chako vilevile.

Na kitu gani walitakiwa kulima? Hariri! Muhuri wa wadhamini ulikuwa na kiwavi wa hariri juu ya jani la mforosadi, na maneno ya Kilatini yenye maana ya "si kwa ajili yao, kwa ajili ya wengine". Uingereza ilikuwa inatumia pesa nyingi kununua hariri nje, wakasema Georgia itatoa. Wakapanda miforosadi kwenye bustani ya majaribio mashariki ya mji. Mwaka 1735 Malkia Caroline alivaa gauni la hariri ya Georgia, na baada ya gauni hilo matumaini yalikuwa makubwa kuliko mazao, maana kazi ya viwavi ni ya mikono myepesi na uzoefu, na fundi seremala wa London hajui kiwavi anakula saa ngapi.

Kiangazi cha kwanza watu walikufa vibaya, homa na kuhara, na daktari wao alikuwa mmoja wa wa mwanzo kufa. Mwezi wa saba ikatia nanga meli ambayo haikutarajiwa, ya Mayahudi kama 42, wengi wao walikimbia mateso Ureno, na ndani yake daktari Samuel Nunes. Huyo ndo alosimamisha vifo. Wadhamini London hawakutaka Mayahudi wapewe ardhi, Oglethorpe akawapa.

Sasa utumwa. Nilikuja huku na picha ya watu wema na nimeondoka na picha nyengine. Oglethorpe huyu huyu mwaka 1732 alikuwa naibu gavana wa Royal African Company, kampuni ya Kiingereza ya biashara ya watumwa pwani ya Afrika. Na Savannah yenyewe, miti ya mwanzo ilikatwa na kupasuliwa mbao na watumwa walioazimwa kutoka South Carolina, koloni jirani ng'ambo ya mto, baadae ndo akawarudisha. Sababu kubwa za kukataza zilikuwa za vita na uchumi. Kusini kulikuwa na Wahispania wa Florida, na mfalme wa Hispania tangu 1693 alitangaza mtumwa yeyote wa Waingereza akikimbilia huko yuko huru, kwaio kila mtumwa unaemleta Georgia ni mtu wa kuvuka mpaka na kurudi na bunduki. Wadhamini walitaka mkulima mdogo mwenye bunduki yake na ekari zake 50, na waliamini akishakuwa na mtumwa tu ataacha kushika jembe. Huruma ilikuwepo kwa baadhi yao, siikatai, lakini haikuwa ndo nguzo.

Siku ya tatu, Ijumaa

Asubuhi tulipanda juu kufata mto Savannah mpaka Ebenezer, kama kilomita 40. Hapa walikaa Wasalzburg, Waprotestanti walofukuzwa kwao na askofu Mkatoliki, walifika 1734, eneo la kwanza likawashinda, wakahamia kwenye ukingo huu 1736. Mchungaji wao aliitwa Johann Martin Boltzius. Siku hizi mji haupo, limebaki kanisa lao la matofali, lilojengwa 1767 mpaka 1769, na linasaliwa bado. Ukisogea karibu na ukuta unaona alama za vidole kwenye matofali, inasemekana za watoto walokuwa wakibeba udongo ungali mbichi. Niliweka kidole changu kwenye shimo la kidole kimoja, hakikuingia, kilikuwa kidogo.

Hawa ndo walofanikiwa bila watumwa. Walisaga, walipasua mbao, na hariri ya Georgia nyingi ilotoka ilitoka kwa wanawake wa hapa. Wao na Boltzius waliandika kupinga utumwa usiletwe. Baadae Boltzius alichoka akanyamaza, akakubali.

Mchana tukateremka tena mpaka Wormsloe, kisiwa cha Isle of Hope. Unapita chini ya miti ya mialoni zaidi ya 400 ilojipanga pande mbili na yale majani ya kijivu yananing'inia kama ndevu za mzee, watu wote wanapiga picha hapo, lakini miti hiyo ilipandwa miaka ya 1890, haina kitu na koloni. Kilichonileta kipo mwisho wa njia, msituni: gofu la nyumba ya Noble Jones. Alikuja na ile meli Anne, seremala, akawa mpima ardhi, akawa tabibu, akawa askari, kila kitu, na hapa alijenga nyumba yenye ngome kati ya 1739 na 1745 kulinda mkondo wa maji Wahispania wasipite.

Ukuta wenyewe jamani. Wanauita tabi. Nilipouona nikapiga kelele mdogo wangu akafikiri nimeona nyoka. Ni makombe ya chaza, mazima, makubwa kama kiganja, yamebanana ndani ya chokaa na mchanga, ukuta wote unametameta, ukipitisha mkono unakukwaruza. Huku hakuna mawe, ni mchanga na tope tupu, kwaio walichukua makombe ya chaza, yalikuwepo marundo kwa marundo yaloachwa na wenyeji wa zamani kwa karne nyingi za kula chaza, sehemu wakayachoma yakawa chokaa, wakachanganya na mchanga na maji na makombe mazima, wakamimina kwenye mbao kidogo kidogo, ikikauka wanapandisha mbao juu. Ile mistari ya mlalo ya kila mmimino bado inaonekana.

Sie Unguja tunafanya hivohivo na matumbawe. Babu yangu mzaa mama alikuwa mchoma chokaa Makunduchi. Nakumbuka tanuu lake, magogo yamepangwa duara mpaka juu kuliko mimi, mawe ya matumbawe yamelazwa juu yake, moto unatiwa katikati na watoto tunaambiwa tusisogee, linawaka linanguruma, likipoa jiwe limekuwa jeupe, ukilimwagia maji linachemka lenyewe linapasuka linakuwa unga. Nikampigia picha ukuta nikamtumia mama. Nikamuandikia, mama tazama chokaa ya Wazungu.

Kabla ya kurudi tulipita nje ya Bethesda, si mbali, ilipoanzishwa nyumba ya mayatima 1740 na mhubiri George Whitefield. Mtu huyu alikuwa maarufu kuliko karibu mtu yeyote huku, watu maelfu wakilia akihubiri. Mwaka 1747 alinunua shamba South Carolina na watumwa wake ili faida iwalishe mayatima wa Georgia, na akawa mmoja wa walopigania sana sheria ya Georgia ifutwe. Mayatima wale wa Kizungu walishwe kwa kazi ya watoto wa wenzao. Sikuweza kuongea gari lilivoondoka pale.

Siku ya nne, Jumamosi

Darien. Kwa hii siku ndo nilikuja.

Ni mji mdogo kwenye mdomo wa mto Altamaha, kama saa moja kusini ya Savannah. Kwanza tuliingia Fort King George, ngome ya mbao ilojengwa upya mfano wa ile ya 1721. Waingereza wa Carolina waliiweka hapo, askari kama 140 wakafa kwa miaka michache, karibu wote kwa maradhi, wakaondoka 1727. Ndani kumetulia, mbu hata mwezi wa tatu wapo.

Waskoti walikuja 1736, watu wa milimani, wanaongea Kigaeli, waliletwa makusudi kwa sababu wanajua kupigana. Sasa huku Savannah malalamiko yamekua. Kundi liloitwa la wenye manung'uniko lilikuwa linasema ng'ambo ya mto Carolina watu wanatajirika na mpunga, sie tunakufa njaa na ekari 50 na viwavi, turuhusiwe kuuza ardhi na turuhusiwe watumwa. Mwisho wa 1738 wakapeleka maombi yenye saini zaidi ya 100. Waskoti wa Darien wakajibu. Tarehe 3 Januari 1739 wanaume 18 walitia saini barua kumpelekea Oglethorpe kwamba watumwa wasiletwe. Sababu zao nyingi ni za mtu anaepiga hesabu: Wahispania wako karibu na watumwa watakimbia, tutawanunua kwa mkopo na mkopo utatuua, tutalazimika kulinda nyumba usiku na mchana. Mwisho kabisa wakasema jambo jengine, kwamba inatisha kwa ubinadamu watu wa asili yoyote na vizazi vyao wahukumiwe utumwa wa milele, na kwamba iko siku watu hao watadai uhuru wao na damu itamwagika. Wapo wanahistoria wanaosema Oglethorpe ndo aliwasukuma waandike. Inawezekana. Lakini hakuna alowashika mkono kuandika yale ya mwisho.

Nilimsomea mdogo wangu barua hiyo tumekaa kwenye ukingo wa mto, meli za kuvulia kamba zimefungwa kwenye gati. Akasema, sasa hao ni watu wa kuheshimiwa. Nikamwambia subiri.

Mwaka uliofata, 1740, Oglethorpe akaenda kuivamia Florida na Waskoti wa Darien akawachukua. Karibu na St. Augustine, mji wa Wahispania huko Florida, kulikuwa na ngome ndogo inaitwa Mose, ya mwaka 1738, na walokaa ngome hiyo ni watu weusi walotoroka utumwa South Carolina, Wahispania wamewapa uhuru na silaha, kiongozi wao Francisco Menéndez. Familia zikakimbizwa ndani ya mji, Waingereza wakaikalia ngome, na humo ndo walikuwemo wanaume wa Darien. Alfajiri moja ya mwezi wa sita Wahispania, Menéndez na watu wake na wenyeji wa asili walokuwa upande wao wakarudi. Waskoti wengi waliuwawa humo, mkubwa wao John Mohr McIntosh, mmoja wa wale 18, akakamatwa akapelekwa Hispania. Yaani watu walioandika kwamba hawa wana haki ya kuwa huru, wameuliwa kwenye nyumba za hao hao walojitafutia uhuru, wakiwa wamekwenda kuzichukua. Nimelifikiria hili tangu nilisome na bado sijui niliweke wapi.

Alafu ikawa rahisi. Wahispania walishindwa kisiwa cha St. Simons 1742, Oglethorpe akarudi Uingereza 1743 hakurejea, ile hoja ya mpaka ikakosa nguvu, watu walikuwa tayari wanavusha watumwa kutoka Carolina kwa kujificha, wanawakodi kwa mkataba wa miaka mia, na hakimu anafumba macho. Wadhamini wakaachia, kuanzia Januari 1751 utumwa ukawa halali, na 1752 wakarudisha koloni lote kwa mfalme. Sheria ya watumwa ya 1755 ilinakiliwa kutoka Carolina. Watu weusi walokuwa chini ya 500 mwaka 1750 wakafika kama 18,000 mwaka 1775, na kuanzia 1766 meli zilikuwa zikija Savannah moja kwa moja kutoka Afrika. Na familia ya yule McIntosh nayo ikawa na mashamba ya mpunga na watumwa, mwanawe Lachlan akawa jenerali.

Mchana tukapita Hofwyl-Broadfield, shamba la mpunga kusini kidogo ya mto. Lenyewe lilianza mwanzo wa miaka ya 1800, sio la koloni, lakini kazi ni ileile na ndo pahala pa kuielewa. Unasimama unaangalia bonde lote la majani, na ukikaza macho unaona mistari imenyooka, kingo za udongo, zinakatana kama daftari la hesabu. Zile zimechimbwa kwa koleo na mikono ya watu.

Mama yangu kalima mpunga Cheju kwaio natazama kama mtu wa mpunga. Huku hawakungoja mvua, walitumia bahari. Maji ya bahari yakijaa yanausukuma mto nyuma, maji matamu yanapanda, na kama umechagua sehemu sawasawa, sio chini sana chumvi ikafika, sio juu sana maji yasipande, unafungua lango la mbao kwenye ukingo shamba linajaa, maji yakikupwa unafungua upande wa pili linakauka. Mlango unajifunga wenyewe kwa uzito wa maji. Wenzetu wa delta ya Rufiji nao hulima kwa kufata kujaa na kupwa. Na ujuzi huu fundi seremala wa London kautoa wapi? Wenye mashamba walikuwa wakipendelea kununua watu wa Senegambia na Sierra Leone, waliokuwa wakilima mpunga kwao, na kila mtu mzima alipewa kipande chake cha siku, kwa kawaida robo ekari, magoti ndani ya maji, nyoka, malaria, mavuno yakiisha unakamata mchi na kinu. Kinu chenyewe kipo makumbusho, gogo limechongwa, na ungo wa majani yalofumwa kwa mzunguko. Mdogo wangu akashika kichwa. Ungo wa bibi huu, dada.

Na sisi wa Unguja tusijifanye hatuijui hadithi hii. Soko letu limefungwa 1873 na utumwa wenyewe 1897, na karafuu zile hazikujichuma.

Siku ya tano, Jumapili

Leo fupi, kesho kazi. Frederica, kisiwa cha St. Simons, mji wa Oglethorpe wa 1736 wa kujilinda na Wahispania. Barabara kuu ipo, imebaki njia ya majani, pembeni misingi ya nyumba. Nilipenda misingi miwili ilogusana, ya daktari Hawkins na ya Davison mwenye kilabu cha pombe, walichangia ukuta mmoja wa katikati. Mji uliishi kwa mishahara ya askari, kikosi kilipovunjwa 1749 na wanunuzi wakaondoka, moto wa 1758 ukamalizia. Ukingoni mwa mto ghala la baruti bado limesimama, tabi hiyohiyo, makombe yaleyale, na maji yalikuwa yanakupwa yanaacha chaza hai kwenye tope, mamia, wamekaa wima kama vidole.

Mdogo wangu aliokota kombe moja, akaligeuza geuza, akalirudisha palepale, kibao kinakataza kuchukua kitu.

Ndo simu ikalia, vois ya mama, kaiona picha ya juzi. Akauliza, "Nyumba nzuri, na chokaa kachoma nani?" Nikamjibu nilichokisoma, kwamba ile ya Wormsloe ilijengwa na askari na watumishi wa Kizungu wa mkataba wakati utumwa umekatazwa, na zilizofata baadae walochoma ni watumwa. Ikakaa kimya kidogo. Alafu ikaja nyengine, tukaisikiliza tukiwa tumeegemea gari.

"Babu yenu kachoma chokaa miaka arubaini. Nyumba zote za chokaa pale mjini mnazoziona ni jasho lake na wenzake. Yake yeye ilikuwa ya udongo na makuti, na ndani humo ndo tulipomtolea jeneza."